Daftari limeliwa pembe, kila memba ana mwaka wake: kikundi chetu kina miaka mingapi?

Shangazi, habari za kwako na za nyumbani. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopeshana hapa Walukuba, Jinja. Tuko memba 34, tunakutana kila Jumamosi, na ukatibu nimeupata mwaka jana tu baada ya katibu wa zamani kurudi kwao Busia akaniachia sanduku la makaratasi, na shida yangu imetoka humo humo kwenye sanduku.

Mwezi wa tatu mwenyekiti alisimama akasema mwaka huu tunafanya sherehe kubwa ya miaka 20, tupige tisheti, tukodi tenti, tualike vikundi vya jirani na wakubwa wa division. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaenda nyumbani nikafungua daftari la kwanza kabisa ili niandike historia fupi ya kusoma siku hiyo, nikakuta ukurasa wa kwanza umeandikwa "Jumamosi tar. 14/10" halafu pale mwaka ulipoandikwa mchwa wamekula pembe yote, hakuna kitu. Chini yake yako majina 11 na kila mmoja alitoa 500.

Nikauliza kwenye grupu ya WhatsApp, hapo ndipo nilipojuta. Mweka hazina anasema tulianza 2007 maana anakumbuka ulikuwa mwaka wa CHOGM, ule mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, kwa hiyo tungoje mwaka kesho. Mwingine akatuma picha ya satifiketi ya manispaa, tarehe 03/07/2009, akasema serikali inatujua toka hapo, sasa hiyo 20 mnaitoa wapi, na mtoto wake aliyeko Marekani akasema hiyo ni tarehe 7 mwezi wa tatu sio 3 mwezi wa saba. Memba wetu aliyeko Dubai anasema lazima tutoe miaka miwili ya korona kwa sababu hatukukutana. Haji mmoja anasema kwa hesabu ya Kiislamu miaka 20 ilishatimia Ramadhani iliyopita, tumechelewa. Kijana wangu akapiga kwenye Excel akasema ni 20 tangu Januari.

Waasisi waliobaki hai ni watano. Mmoja ni Hajati, mtu mzima sana, ndiye walianzia barazani kwake. Anasema siku ile walikuwa wamefunga, wakafuturu kwake, halafu wakakaa na tadoba maana umeme haukuwepo. Mweka hazina alimjibu kwenye mkutano kwamba "Jaja (yaani bibi), umri umekwenda, unachanganya". Hajati akanyamaza, na Jumamosi mbili hizi hajaja.

Juu ya hayo mwenyekiti anataka tufanye tarehe 9 Oktoba kwa sababu ni sikukuu, na fundi wa tisheti anataka advansi kabla mwezi haujaisha na anauliza aandike namba gani. Bajeti ni milioni 2 na laki 4, mfukoni hatuna hata shilingi. Shangazi nisaidie, nianzie wapi?

Katibu, Walukuba

Katibu mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalenda mkononi. Fundi wa tisheti mwambie angoje kidogo. Hiyo advansi usitoe mpaka umalize kusoma hapa.

Kwanza nikwambie, mchwa wamekula mwaka lakini wamewaachia kitu kizuri zaidi, wamewaachia siku ya wiki. Aliyeandika hakuandika tarehe tu, aliandika Jumamosi, na tarehe 14 Oktoba haiangukii Jumamosi kila mwaka. Kila mwaka tarehe inasogea siku moja mbele, na ukipita mwaka mrefu ule wa Februari 29 inasogea mbili. Fungua kalenda ya simu yako urudi nyuma uone mwenyewe: 14 Oktoba ilikuwa Jumamosi mwaka 2000, ikawa tena Jumamosi 2006, halafu haikurudi Jumamosi mpaka 2017, na baadaye 2023. Mwaka 2007 anaousema mweka hazina ilikuwa Jumapili. Sasa 2017 na 2023 zinatoka zenyewe kwa sababu satifiketi yenu ni ya 2009, huwezi kuandikishwa kabla hujazaliwa. Inabaki 2000 na 2006, na sidhani kama kuna hata mmoja kwenu aliyetaja 2000.

Hapo sasa ndipo ninapomrudia Hajati, na naomba unisikilize vizuri. Ramadhani ya mwaka 2006 ilianza tarehe 24 Septemba hivi na Idi ikawa tarehe 23 au 24 Oktoba kufuatana na mwezi ulivyoonekana, kwa hiyo tarehe 14 Oktoba 2006 watu walikuwa kumi la tatu la mfungo ndiyo linaanza, wamefunga, na magharibi wanafuturu. Mwaka 2007 Ramadhani ilikuwa imerudi nyuma siku kumi na kitu kama kawaida yake, Idi ikaanguka tarehe 12 au 13 Oktoba, yaani tarehe 14 watu walikuwa bado wanakula biriani ya Idi. Na mwaka 2000 tarehe hiyo Ramadhani ilikuwa bado zaidi ya mwezi mzima, ile ilianza mwisho wa Novemba. Mama wa watu amekumbuka sawasawa. Mtu anaweza kusahau namba ya mwaka lakini hasahau kwamba alipika uji wa futari wa watu 11 akawakaribisha barazani kwake. Kama mtu atabisha kwamba labda alikuwa anafunga sita za Shawali, zile siku sita za hiari baada ya Idi, muulizeni Hajati mwenyewe, ila na hilo haliwezi kuwapeleka 2007 kwa sababu Jumamosi inakataa.

Habari ya umeme nayo inakaa upande wake. Wewe labda ulikuwa mdogo, mwaka 2006 maji ya ziwa yalipungua sana na mgao wa umeme ulikuwa mkali nchi nzima, na nyinyi wa Jinja mnakaa hapo hapo kwenye bwawa la Nalubaale lakini mtaani giza kama wengine. Mgao haukuisha siku moja, kwa hiyo ile tadoba peke yake nisingeitegemea, ila ukiiweka pamoja na saumu na Jumamosi basi vitu vitatu vinasema neno moja.

Mweka hazina pia usimwone mwongo. Mkutano wenyewe wa CHOGM ulikuwa Novemba 2007 Kampala, lakini maandalizi yake yalizungumzwa muda mrefu kabla, barabara zikitengenezwa na hoteli zikijengwa, na watu wengi wakikumbuka kitu chochote cha miaka ile wanasema "mwaka wa CHOGM". Ndivyo wazee wetu walivyohesabu siku zote, kwa njaa, kwa vita, kwa mvua kubwa, na ni hesabu nzuri ila ina upana wa mwaka mzima au miwili, kwa hiyo lazima utafute kitu cha pili cha kuibana.

Satifiketi tusikae nayo sana. Hiyo ni tarehe ya kuandikishwa, kama vile mtoto anazaliwa nyumbani halafu karatasi yake inachukuliwa miaka mitatu baadaye, hakuna anayemwambia mtoto kwamba alizaliwa siku ya karatasi. Itajeni kwenye historia, "tukaandikishwa tarehe 3 Julai 2009". Ndiyo, ni 3 Julai, sisi hapa tunaanza na siku ndipo mwezi, Marekani ndio wanaanza na mwezi. Na ukitaka kumtuliza yule kijana mwonyeshe kalenda: 7 Machi 2009 ilikuwa Jumamosi, ofisi gani ya manispaa ingekupigia muhuri Jumamosi, na 3 Julai ilikuwa Ijumaa ya kazi. Kuanzia leo kwenye daftari zako andika mwezi kwa jina na mwaka kwa tarakimu zote nne, "tarehe 6 Juni 2026", na siku ya wiki uiandike pia, umeona mwenyewe imewaokoa.

Korona. Najua ndugu yetu wa Dubai hana nia mbaya, na kweli Machi 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku na vikundi vingi vilikaa muda mrefu bila kuonana uso kwa uso. Lakini mtoto akiugua akalala kitandani miaka miwili umri wake hausimami. Kikundi hakikuvunjwa, hakuna aliyegawana pesa akafunga sanduku, sivyo? Basi miaka inahesabika yote. Kama mnataka kusema ukweli wa kipindi kile, na mimi ningependa mseme, wekeni sentensi yake kwenye historia: nani aliumwa, nani alifiwa, nani alituma akiba kwa mobaili mani wakati mwenyewe hana. Idadi ya mikutano ni kitu kingine. Kutoka 14 Oktoba 2006 mpaka 14 Oktoba 2026 kuna siku 7,305, ambazo ni wiki 1,043 na siku nne, na hamkukutana mara zote hizo, kwa hiyo msiandike popote kwamba mmekaa mikutano elfu moja kama hamjahesabu daftari.

Haji naye ana hoja na mpeni heshima yake. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, umepungukiwa siku kama 11 kwa mwaka wetu wa kawaida, na kwa miaka 20 hizo siku zinajikusanya zinafika miezi saba na kidogo. Mkutano wenu wa kwanza ulikuwa kama tarehe 21 Ramadhani 1427, na 21 Ramadhani 1447 imepita Machi mwaka huu, kwa hiyo kwa mwezi mwandamo ameshahesabu vizuri, 20 zimetimia. Ila daftari lenu limeandikwa 14/10, mliandika kwa kalenda ya Oktoba, na nusu ya memba wenu nadhani ni Wakristo, basi fuateni ile iliyoandikwa. Mwombeni Haji asome dua siku ya sherehe na aieleze hiyo hesabu ya Ramadhani mbele ya watu, itapendeza.

Excel ya kijana wako imetoa 2006 kwenye 2026 ikapata 20, haikuangalia mwezi. Leo hii kikundi kina miaka 19 kamili na kipo ndani ya mwaka wake wa 20, na huo mwaka wa 20 uliingia 14 Oktoba mwaka jana. Hapa watu wengi wanateleza, miaka 20 na mwaka wa 20 si kitu kimoja. Tisheti iandikwe "Miaka 20, 2006–2026" na ivaliwe ikiwa imetimia.

Na ndiyo maana tarehe 9 Oktoba siipendi. Mwaka huu inaanguka Ijumaa, najua inavutia kwa sababu watu wanapata siku tatu mfululizo, lakini ni siku tano kabla ya kutimia. Tena ni Siku ya Uhuru, hao wakubwa wa division mnaowataka watakuwa kwenye sherehe za serikali, na memba wengine watachukua hizo siku tatu waende vijijini kwao. Tarehe 14 yenyewe ni Jumatano, soko halifungwi kwa ajili yenu. Chukueni Jumamosi inayofuata, 17 Oktoba 2026, ni siku yenu ya mkutano tangu zamani. Siku ya kuzaliwa ni moja na haibadiliki, siku ya kula pilau mnachagua nyie. Jumatano ile tarehe 14 jioni wale waasisi watano wanaweza kukaa saa moja barazani kwa Hajati, chai tu na mkate.

Sasa pesa na muda, na hapa usianze kuhesabu kutoka leo kwenda mbele, anza na siku yenyewe urudi nyuma. Kutoka Jumamosi tarehe 6 Juni mpaka 17 Oktoba ni wiki 19. Inaonekana nyingi. Lakini wiki tatu za mwisho usiziwekee michango, hizo ni za kununua na kulipa, kwa hiyo mchango wa mwisho uwe 26 Septemba. Ukianza kukusanya 13 Juni, mpaka 26 Septemba ni wiki 15, na hapa makatibu wengi wanakosea, wanaandika mikutano 15, wakati ukihesabu Jumamosi kwa kidole ni 16 kwa sababu ya kwanza na ya mwisho zote zimo. Kila memba akitoa 5,000, mkutano mmoja ni 170,000, hilo si kosa dogo. Halafu ondoa Jumamosi mbili Septemba watoto wanaporudi shule muhula wa tatu, mzazi anayetafuta ada usimdai mchango wa sherehe, mtamfanya akimbie kikundi. Inabaki mikutano 14, mara 34, mara 5,000, inakuja 2,380,000. Kwenye bajeti yenu zimepungua 20,000 tu, mwenyekiti anaziweza.

Tenti iende mwanzo kabisa. Oktoba kwenu ni mvua, mnakaa kando ya ziwa, mvua ya mchana inakuja bila kuuliza, na tenti zuri la Jumamosi linawahiwa na watu wa harusi na wa kwanjula, zile sherehe za kutambulisha mchumba, kwa hiyo mwezi huu wa sita mkipata tu michango miwili ya kwanza pelekeni advansi ya tenti na viti. Barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa wenu, na kwa polisi wa kituo chenu ziende mapema Septemba, mbaki na nakala yenye muhuri. Tisheti mwisho wa Agosti, si sasa, kwa sababu size za watu mtazibadilisha mara kumi na majina mtayabadilisha pia. Kadi wiki nne kabla. Nyama na mchele wiki yenyewe. Na kwa sababu ya mvua anzeni asubuhi, hotuba zimalizike kabla ya saa nane, mpishi awe ameambiwa hivyo.

Kwenye kadi kuna jambo moja nitakaa nalo kidogo maana liliniuma. Kikundi nilichokuwemo mimi zamani tuliandika "saa 4:00" kwenye kadi, sisi tukimaanisha saa nne asubuhi. Mgeni wetu mmoja, mwanamke aliyetukopesha pesa za kwanza kabisa tulipoanza, alikuwa amezoea kuandikiwa saa za kizungu, akasoma ni saa kumi jioni. Alifika amevaa gomesi mpya ya buluu, ameshika zawadi kwenye karatasi ya maua, vijana wanakunja tenti na viti vimeshapandishwa kwenye pikapu. Tulimtafutia kiti kimoja, tukamtafutia chakula kilichobaki kwenye sufuria, akala akasema hakuna neno. Mpaka leo nikikumbuka ile gomesi nasikia vibaya. Andikeni kwa maneno, "saa nne kamili asubuhi", na kadi za Kiingereza ziandikwe 10 a.m. kwa lugha yao, na mtu mwingine asiyeiandika azisome kadi zote kabla ya kuchapa. Wageni wa Kampala wapigie simu, ni kilomita 80 hivi lakini foleni ya Mukono mnaijua, watoke kabla hakujakucha vizuri.

Piga picha ule ukurasa wa daftari leo hii usiku, kabla mchwa hawajamaliza na majina, halafu uuweke ndani ya karatasi ya nailoni. Yale majina 11 yasomwe siku hiyo kwa mpangilio ule ule ulioandikwa, na kwa wale sita waliokwisha kufariki aalikwe mtoto au mjukuu mmoja kila jina akae mbele. Kama hamjui watoto wao wako wapi, wiki 19 zinatosha kuwatafuta.

Halafu mwanangu, kabla hujapeleka habari hii kwenye mkutano wala kwenye grupu, mchukue mweka hazina muende pamoja kwa Hajati nyumbani. Beba daftari na kalenda ya 2006. Mwonyesheni Jumamosi yake iko wapi na Ramadhani yake iko wapi, mweka hazina amwambie mwenyewe kwa mdomo wake kwamba Jaja alikumbuka vizuri, asije akayasikia kwanza mbele ya watu.